UZI: Kujenga Kuzimu ya kubuni na jamii ya mapepo wake. Anza na kinachokosekana, pembe chora mwisho

#1 Mchongavisa

Wakuu, salaam.

Uzi huu ni wa wanaoandika hadithi za kubuni, wachora katuni na watunzi wa michezo wanaotaka Kuzimu yao wenyewe, siyo ya kuazima. Rasimu nyingi za Kuzimu zina moto, mikuki na bwana mmoja kwenye kiti cha enzi. Muulize mwandishi swali moja tu: huyu pepo mwenye mkuki anafanya kazi kwa ujira gani, na kwa nini hagomi? Hapo rasimu inakwama, kwa sababu mandhari ipo lakini jamii haipo.

Msimamo wangu: jamii yoyote, ya watu au ya mapepo, hujengeka kuzunguka kitu kisichotosha. Chagua uhaba mmoja kwanza. Vyeo, mitaa, sheria, matusi na vita vitatoka humo.

Tazameni waliotutangulia. Mwaka 1577 daktari Johann Weyer alichapisha orodha ya mapepo 69, na humo mna wafalme na mabwana wa majimbo, kila mmoja na vikosi vyake. Ni Ulaya ya ukabaila ya wakati ule imezikwa ardhini. Kuzimu ya Wachina, Diyu, katika masimulizi yaliyoenea ina mahakama kumi zenye mahakimu na makarani, na walio hai huchoma pesa za karatasi ili marehemu wao wapate matumizi. Hiyo ni serikali ya kifalme na urasimu wake. Kila jamii imepeleka chini kile kilichoisumbua juu. Ukiiga vyeo vya 1577 umeiga shida za watu wengine, ndiyo maana mabwana wako wa Kuzimu wanakaa tu hawana la kufanya.

Tutumie mfano mmoja uzi mzima. Nauita Uvungu. Masharti yake ya mwanzo ni manne.

1. Uvungu ni pango chini ya ardhi hii hii. Kanuni za joto, uzito na gesi zinafanya kazi.
2. Wafu na mapepo hawali wala hawapumui.
3. Hewa huingia kwa njia moja tu: kila mfu anafika na pumzi yake ya mwisho, takriban nusu lita.
4. Pepo si kiumbe wa tangu na tangu. Ni mfu aliyemaliza kifungo, akafunguliwa mlango, akakataa kutoka.

Sharti la nne ndilo linalojibu swali la mkuki. Mmoja amebaki akimsubiri adui yake afe. Mwingine anaogopa kilichoko nje ya mlango. Mwingine amepata cheo ambacho duniani hakukinusa. Kwa hiyo kila pepo ana sababu yake na ufundi wake wa zamani: mhunzi, mkunga, nahodha, karani wa bandari. Huna haja ya kubuni aina kumi na mbili za mapepo zenye rangi tofauti.

Uhaba wetu ni mwanga. Wenye ujuzi wa miamba na wenye ujuzi wa hesabu, karibuni tuubane huu mfano.

#2 Mwambamgumu

Mkuu umegusa penyewe. Niingie kwenye joto, kwa sababu hapo ndipo Kuzimu nyingi zinapovunjika.

Ardhi huongezeka joto kwa wastani wa nyuzi 25 hadi 30 kwa kila kilomita unayoshuka. Si sawa kila mahali: kwenye shimo la Kola huko Urusi, lililofika mita 12,262 mwaka 1989, joto lilikuwa nyuzi 180 hivi, wakati karibu na volkano utayakuta hayo mapema zaidi. Tuchukue 27 kwa kilomita na nyuzi 25 juu ya ardhi. Nusu kilomita chini una nyuzi 38, jasho la kawaida la pwani. Kilomita 3 ni nyuzi 106, na kwa mgandamizo wa hewa ulioongezeka huko, maji yapo karibu kabisa na kuchemka. Kilomita 4 ni nyuzi 133. Hizo ndizo sakafu zako tatu za kwanza bila kubuni lolote: Kizingiti (km 0.5), Mstari wa Mvuke (km 3) na Ziwa (km 4). Juu ya Mstari wa Mvuke kuna matone na unyevu. Chini yake maji hayakai.

Ziwa la nini? Watu hukimbilia lava. Lava ya kawaida ina nyuzi 1,100 hadi 1,200, inayeyusha shaba (1,085), dhahabu (1,064) na risasi (327), yaani minyororo ya shaba na mataji ya dhahabu unayoyapenda hayapo tena. Weka salfa. Huyeyuka kwenye nyuzi 115, kwa hiyo kwenye 133 ni kimiminika chepesi cha manjano. Ina tabia ambayo mtunzi yeyote angeililia: ukiipasha kupita nyuzi 160 haizidi kuwa nyepesi, bali inakuwa nzito na nyekundu iliyoiva, mpaka haimiminiki vizuri. Kwa hiyo volkano ikijikohoa chini ya Ziwa, maboti yananasa. Huo ni msimu wako. Uite Mgando.

Halafu uzito. Salfa iliyoyeyuka ina uzito karibu mara 1.8 ya maji. Mtu hazami humo. Zaidi kidogo ya nusu ya mwili ndiyo inaingia, iliyobaki inaelea juu. Ukiandika "walizama wakapiga kelele" umekosa, lazima mtu akandamizwe kwa nguvu ili aende chini. Hata mpingo, ambao kwenye maji huzama, kwenye salfa unaelea. Mashua za Uvungu ziwe za mpingo.

Sasa mwanga. Mwamba hauanzi kuwaka wekundu unaoonekana kwa macho mpaka ufike karibu nyuzi 525. Ziwa la nyuzi 133 halitoi mwanga wowote. Uvungu ni giza tupu. Njia ya kupata mwanga ni kuichoma salfa yenyewe, nayo hutoa mwali wa buluu hafifu. Kule Kawah Ijen, Indonesia, mwali huo huonekana usiku tu, mchana jua linaufuta.

Na kila taa ya salfa hutoa moshi wa salfa dioksaidi, gesi yenye uzito zaidi ya mara mbili ya hewa. Ikiwa bado moto hupanda hadi darini, ikipoa hushuka na kujikusanya mabondeni. Watu wa Goma wanaijua tabia hii kwa gesi nyingine: *mazuku*, hewa ukaa inayotoka ardhini na kutuama kwenye vishimo karibu na Ziwa Kivu, mbuzi anashuka kulisha na harudi. Katika imani za kale za Rwanda, Nyiragongo, mlima huo huo unaoitazama Goma, ndiko walikopelekwa wafu wasioingizwa katika ibada ya Ryangombe, ilhali walioingizwa walikwenda Karisimbi. Milima miwili inayoonana, mmoja wa karamu, mmoja wa mateso. Hiyo ni jiografia ya ahera iliyopangwa vizuri kuliko ramani nyingi za michezo ya kompyuta.

Kwa Uvungu maana yake ni hii: anayewasha taa juu, moshi wake unakaa kwa jirani wa chini. Wakazi hawapumui, ndiyo, lakini moshi huo ukikutana na unyevu unakuwa tindikali. Inakula mawe ya chokaa na kuyageuza jasi, laini ya kukwaruzika kwa ukucha. Nyumba za walio chini ya wenye taa zinaporomoka polepole. Hapo umepata kesi ya kwanza ya mahakama yako.

#3 Ngalawa_ya_Usiku

Wakuu, swali. Kuzimu isiyo na moto unaoonekana, msomaji ataikubali? Hicho ndicho kitu cha kwanza anachokisubiri.

#4 Mchongavisa

Ataikubali ukimpa moto mmoja na ukamwonyesha gharama yake. Mwali mmoja wa buluu chumbani, na watu thelathini wakigombea kuukaribia, una uzito kuliko bahari ya moto ambayo kila mtu ameizoea. Moto uliotapakaa kila mahali hauna bei, na kisicho na bei hakileti ugomvi.

#5 Hesabu_za_Lango

Nimesubiri mtu aseme "bei". Tupige hesabu.

Duniani kwa sasa wanakufa takriban watu milioni 60 kwa mwaka. Tukichukulia kila mfu anapita Kizingitini kusikilizwa, hata kama baadaye anapelekwa kwingine, hao ni 164,000 na ushee kwa siku, karibu wawili kila sekunde. Hadithi yako ikiwa ya karne nyingine badilisha namba hii, nyingine zote zitafuata.

*Makarani.* Kila mfu akichukua dakika 10 mezani, ni saa za kazi 27,400 kwa siku. Kwa zamu za saa nane unahitaji makarani 3,425 bila mapumziko. Ofisi yenye meza moja na mzee mwenye kitabu haiwezekani, labda kama foleni ndiyo adhabu yenyewe.

*Hewa.* Pumzi nusu lita mara watu hao ni mita za ujazo 82 kwa siku. Hiyo ndiyo hewa yote inayoingia Kuzimu nzima, ujazo wa chumba kimoja cha darasa dogo. Pumzi inayotoka ina oksijeni karibu asilimia 16, kwa hiyo mita za ujazo 13 tu ndizo zinazoweza kuwasha kitu.

*Mwanga.* Gramu 32 za salfa hula takriban lita 24 za oksijeni. Gawanya: Uvungu unaweza kuchoma kilo 17 na nusu za salfa kwa siku, basi. Taa inayokula gramu 20 kwa saa ikiwaka usiku na mchana, unapata taa 36. Thelathini na sita kwa ulimwengu mzima wa wafu, ziwa la salfa lipo mlangoni na halisaidii kitu.

*Kumbukumbu.* Makadirio ya wanademografia ni kwamba watu bilioni 117 wamewahi kuzaliwa. Ukurasa mmoja kwa kila mmoja, karatasi ya milimita 0.1, unapata rundo la kilomita 11,700, karibu sawa na kipenyo cha dunia. Na nani atazisoma? Makarani 3,425, taa 36.

Kwa hiyo maandishi hayawezi kuwa msingi wa utawala wa Uvungu. Kumbukumbu ziwe za kushikwa kwa vidole. Wainka walitunza hesabu za dola kwa kamba zenye mafundo, khipu. Hazina ya Uingereza ilitumia vijiti vilivyochanjwa mpaka mwaka 1826. Chagua kimojawapo au buni chako, ila jamii yako imeshabadilika: msomi wa Kuzimu ni mwenye vidole vizuri, na kipofu wa kuzaliwa anaingia akiwa na faida kuliko mwanasheria.

#6 BintiDarajani

Kaka Hesabu, hapo kwa kipofu nimekaa kitako nikasoma mara mbili.

Niongeze upande wa jamii. Tunaandika mapepo kama vile mfano pekee ni wa Ulaya, wakati Zanzibar kuna mpangilio wa mashetani wenye makabila, dini na tabia, na umechunguzwa na wasomi. Masheitani ya ruhani ni Waislamu, asili yao Uarabuni, wanapenda nguo nyeupe, udi na marashi. Ya kibuki ni Wakristo kutoka Madagaska na kinywaji chao ni brandi. Ya habeshia ni Wakristo wa Ethiopia. Ya rubamba ni ya Pemba. Kila kundi lina ngoma yake na namna yake ya kuitwa na kupokewa.

Sishauri mtu abebe majina haya ayatupe kwenye mchezo wa kupigana. Hii ni ibada ya watu walio hai, jirani zako. Ninachotaka mchukue ni *muundo*. Ukiwa na kundi la mapepo, jibu maswali matano: limetoka wapi, linaabudu nini, linakula au kunusa nini, linasikiliza muziki gani, na linaingiaje nyumbani kwa mtu. Mkitazama orodha hiyo mnaona historia ya Bahari ya Hindi nzima: biashara, utumwa, ndoa, dini. Mashetani wamekuja kwa njia zile zile walizokuja watu.

Uvunguni ifanyeni hivyo. Kwa kuwa pepo ni mfu aliyekataa kutoka, mitaa itajengeka kwa mawimbi ya vifo. Waliofika kwa njaa moja watakaa pamoja, watazungumza lahaja ya miaka yao, watapika mizaha isiyoeleweka na waliofika miaka mia baadaye. Mtaa wa mabaharia hautaimba nyimbo za mtaa wa wachimba madini. Msizigawe jamii kwa dhambi, "mtaa wa wazinzi, mtaa wa wezi". Mwizi wa ng'ombe wa karne ya 18 na mwizi wa benki hawana la kuongea.

#7 Patasi

Miili sasa, maana hapa ndipo watu wanarudi kwenye pembe.

Wamakonde walishalitatua tatizo hili kwa patasi. Mtindo wa *shetani* ulianza Dar es Salaam miaka ya 1950, na jina linalotajwa zaidi kama mwanzilishi ni Samaki Likankoa, akimuuzia kazi zake mfanyabiashara Mohamed Peera. Zitazame kazi hizo kwa jicho la fundi. Hazifanyi mwili wa kutisha kwa kurundika vitu. Zinatoa kiungo (jicho moja, mguu mmoja), zinakihamisha (sikio tumboni), zinakirefusha, au zinaunganisha viwili vikawa kimoja. Halafu umbo lote linafuata ubao ulivyojipinda, kwa sababu mpingo ni mgumu na haukubali ubishi.

Njia ya kufanya kazi: chora mtu wa kawaida. Fanya tendo *moja* tu kati ya hayo manne. Kisha jiulize kazi yake Uvunguni ni ipi na kiungo kilichobadilika kinaisaidiaje. Karani wa mafundo amekuwa na vidole virefu, macho yamejifunga kwa kutotumika. Mwendesha mashua wa Ziwani ana nyayo pana. Mlinda taa peke yake ndiye macho yake yamekua, na watu wanamwogopa kwa hilo. Ukifanya matendo matatu kwa mhusika mmoja, msomaji hatamkumbuka, atakumbuka fujo. Na mabadiliko yawe polepole, ili pepo mgeni afanane na mtu kabisa na mzee wa miaka 800 awe hatambuliki. Umri unasomeka mwilini, huhitaji kuutaja.

#8 Mwanachuo_Pwani

Ndugu zangu, nashukuru kwa adabu ya uzi huu. Naomba niseme la dini mapema kabla halijaharibika.

Wasomaji wetu wengi ni Waislamu na Wakristo wanaoiamini Jehanamu kwa dhati. Qur'ani imetaja milango saba (15:44) na walinzi kumi na tisa (74:30). Imetaja mti wa Zaqqum, na Malik, msimamizi wa Jehanamu, kwa jina. Hivyo si vifaa vya kuchezea. Ukimpa Malik mazungumzo ya kuchekesha, msomaji anafunga kitabu, na ana haki.

Njia salama na, kwa maoni yangu, bora kisanaa pia: usitumie jina lolote lililomo kwenye vitabu vitakatifu, usitumie idadi zake (saba na kumi na tisa mziache), na usimweke Mungu wala malaika kama mhusika anayesema. Uvungu umekaa vizuri hapo kwa sababu una mlango ambao nje yake hatuonyeshwi. Nani kaweka mlango, hukumu ya mwisho iko wapi, hadithi isijibu. Mapepo wenyewe wabishane juu yake, kila mtaa na imani yake.

Jambo la pili. Katika Uzoroasta, dini ya kale ya Uajemi, Kuzimu ina mwisho: siku ya kufanywa upya ulimwengu waliomo wanatoka. Kwa mtunzi, Kuzimu yenye mlango wa kutokea inampa mhusika kitu cha kupoteza. Mateso yasiyobadilika kwa kurasa 300 hayana ploti, maana hakuna uamuzi wowote unaobadilisha chochote. Mchongavisa ameliona hilo katika sharti lake la nne, nami namuunga mkono.

#9 Ngalawa_ya_Usiku

Wanahesabuje siku? Hakuna jua.

#10 Mchongavisa

Mkuu hilo ndilo swali lililokuwa limebaki, na jibu lake linaunganisha kila kitu kilichoandikwa humu.

Kitu pekee kinachotokea mfululizo Uvunguni ni watu kufika. Basi wahesabu kwa hicho. Kila wakifika wafu 10,000, kengele inapigwa. Kwa hesabu za kaka hapo juu ni kengele 16 kwa siku, karibu kila dakika 88, na 6,000 kwa mwaka. Mikataba, zamu na vifungo vyote vinatajwa kwa kengele. Hukumu ya kengele 60,000 ni miaka 10 ya duniani.

Angalieni kinachofuata. Aliyehukumiwa kengele 60,000 enzi ambazo duniani walikufa milioni 20 kwa mwaka alikaa miaka 30. Hukumu ile ile, kosa lile lile. Wazee wa Uvungu wana kinyongo na wageni, na kinyongo hicho kina hesabu nyuma yake.

Kisha vita. Mwaka kama 1918, vita na mafua vikiwa pamoja, kengele zinakimbia, vifungo vinaisha upesi, pumzi zinaingia kwa wingi, na taa zinaongezeka. Vifo vikiwa maradufu, taa 36 zinakuwa 72. Duniani kukiwa na maafa, Kuzimu kunang'aa, na walio kifungoni wanaachiwa. Duniani kukiwa na amani na chanjo, giza linarudi na kila hukumu inarefuka.

Sasa mna siasa bila kumbuni mwovu hata mmoja. Kuna Watu wa Taa, wanaotaka vifo viongezeke. Si kwa ukatili. Mmoja wao hajaona uso wa mwanawe tangu wafike wote wawili, na anataka taa moja kwa saa moja. Kuna Watu wa Kamba, makarani wa mafundo, ambao mamlaka yao yote yanatokana na giza. Taa zikiongezeka, maandishi yatarudi na vidole vyao havitahitajika. Kwa hiyo wanapigania amani duniani kwa sababu ya cheo chao. Wema wanautenda kwa nia mbovu, wenzao ubaya kwa nia njema. Hapo mwandishi unaweza kukaa miaka mitatu.

Gawio la taa 36 liandikeni kabisa kwenye daftari lenu la kazi, kwa sababu kila tukio litaligusa. Langu: Kizingiti 12, gati la Ziwani 10, mahakama 8. Sita zilizobaki ndizo zinazogombaniwa kila baraza. Mtu akiingia chumbani na akaona, lazima ujue ni taa namba ngapi na nani kaikosa.

#11 Mwambamgumu

Mkuu, kwenye gawio hilo zingatia pia taa ziwekwe wapi. Za Kizingiti ziko juu, na moshi wake utashuka kilomita tatu na nusu ukipita kwa kila mtu. Kumbukumbu za kamba zisiwe chini ya lango kwa mstari wa moja kwa moja. Zichongewe pango la pembeni, kizingiti chake kikiwa juu kuliko sakafu ya nje ili gesi isimwagikie ndani. Mita moja ya ukuta mlangoni inatosha kwa gesi inayotambaa chini. Watu wa Kamba watakuwa wanaukagua ukuta huo kila kengele.

#12 BintiDarajani

Naongeza makosa ninayoyaona mara kwa mara kwenye rasimu, kwa haraka.

Kila mtu ni mwovu. Jamii ambayo hakuna anayetimiza ahadi haiwezi kuendesha hata kivuko. Mapepo wako lazima waaminiane katika jambo fulani, na aibu yao kubwa iwe kulivunja. Uvunguni ningeifanya iwe kuiba pumzi ya mfu kabla hajapita mezani.

Majina yaliyojaa herufi za ajabu zisizotamkika. Mfu aliingia na jina lake. Mpe jina la mahali na enzi yake, kisha jina la kazi juu yake.

Majeshi ya mamilioni. Yanalinda nini? Wanakula nini? Uvunguni jeshi gizani halioni adui. Vita vyao viwe vya kufunga njia ya moshi, kukata kamba, kumwaga salfa yenye Mgando kwenye gati.

Na mwandishi kueleza haya yote sura ya kwanza. Msomaji hahitaji kujua lita 24 za oksijeni. Anahitaji kumwona karani akizima taa haraka baada ya kumaliza kuangalia, kila mara, hata akiwa na hasira.

#13 Ngalawa_ya_Usiku

Hizo kamba mbona zitaoza kwa tindikali? Na mafundo yanasomwaje?

#14 Hesabu_za_Lango

Pamba itaoza, ndiyo, tindikali inaila. Sufu huvumilia zaidi. Uvunguni hakuna kondoo, ila nywele za binadamu zimeumbwa kwa protini ile ile ya sufu, keratini, na kila mfu anakuja nazo. Kamba ya kila mtu isokotwe kwa nywele zake mwenyewe pale pale mezani. Kwa gramu moja kwa mtu, ghala la watu bilioni 117 lina tani 117,000, ambazo zinabebeka kwenye pango kubwa. Waliofika wakiwa na upara husokotewa kwa nywele za ndugu aliyetangulia, na hapo karani lazima amtafute huyo ndugu kwenye ghala. Hiyo peke yake ni sura nzima ya riwaya.

Kusoma, fuata kanuni ya khipu ya hesabu, ni ya makumi kama yetu. Kamba inaning'inia, na sehemu ya chini kabisa ni mamoja, juu yake makumi, juu mamia, na kuendelea. Mamoja kuanzia mbili hadi tisa hufungwa fundo refu lenye mizunguko idadi hiyo. Moja hufungwa fundo la umbo la nane, kwa sababu fundo refu halifungiki kwa mzunguko mmoja. Makumi na kuendelea ni mafundo ya kawaida yaliyopangwa karibu karibu. Sifuri ni nafasi tupu.

Kwa hukumu ya kengele 60,000, karani anafunga mafundo sita ya kawaida nafasi ya tano kutoka chini, na nafasi nne zote za chini zinaachwa wazi. Hapo ndipo udanganyifu unapoingia: ukisukuma yale mafundo sita yashuke nafasi moja, mtu amepunguziwa hadi 6,000, mwaka mmoja badala ya kumi. Ili kuzuia, kila kamba iwe na uzi wa pili wa kipimo uliofungwa alama za nafasi, na uzi huo ukae kwa karani mwingine, mtaa mwingine. Anayetaka kumpunguzia mtu kifungo lazima awahonge wawili, au aufikie ukuta ule wa mita moja na kuubomoa ili moshi uharibu ghala zima.